Wanafalaki wa Ridhaa na Nidhamu ya Namba Moja

Nyota badilifu, yaani zile ambazo mng'ao wake hupanda na kushuka, nyingine kwa saa chache na nyingine, kama Mira, kwa takriban siku 332, ni nyingi mno kwa wanafalaki wa kulipwa kuzifuatilia kila usiku, na ndiyo maana Edward Pickering wa Harvard aliwaalika watu wa ridhaa, waangaliao anga kwa mapenzi tu, katika mwaka 1882. Chama chao cha Marekani, AAVSO, kikaundwa mwaka 1911.

Wingi wa watu hao wa ridhaa ungeweza kuizamisha kazi katika maneno, lakini dawa iliyopatikana, ambayo ni ya busara kuliko kufunga mlango, ilikuwa kulifinya swali wanaloulizwa. Mwangalizi haombwi nadharia: hupewa ramani yenye nyota za kulinganishia, akatafuta moja inayong'aa zaidi na nyingine iliyofifia zaidi ya ile anayoichunguza, kisha akakadiria kwa namba moja inaangukia wapi kati ya hizo mbili. Hata nukta ya desimali katika namba za mng'ao wa nyota za kulinganishia huondolewa ramanini, 8.5 ikaandikwa 85, isije ikadhaniwa kuwa nyota.

Wataalamu waliozibeza takwimu hizo (na kiburi cha kitaaluma hakikosekani popote) walikuja kuzihitaji, kwa kuwa kabla ya darubini ya Hubble kuelekezwa kwenye nyota zinazolipuka ghafla, waangalizi hao wameombwa kuthibitisha kwamba zimetulia, ili mwanga mkali usiviharibu vipokezi vyake.