Kuvu Kabatini: Adui ni Maji, Si Uchafu

Masika yakikolea, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, makabati ya nguo huanza kunuka uvundo. Suti iliyotundikwa tangu harusi ya mwaka jana hukutwa na madoa ya kijivu kolani na makwapani. Viatu vya ngozi huota unga wa kijani kwenye mishono. Wengi humlaumu dobi, sabuni au usafi wa chumba, na lawama hizo ni za bure: hata nguo safi huota kuvu ikikaa penye unyevu.

Kuvu huenea kwa mbegu ndogo mno ziitwazo spora. Zimo hewani kila mahali, na hakuna nyumba inayoweza kuzimaliza. Chakula chake nacho hakikosekani kabatini: pamba, ngozi, wanga wa kolani, jasho lililokauka, hata mbao za unga uliogandishwa kwa gundi ambazo makabati mengi ya siku hizi hutengenezwa kwazo. Kinachozizuia spora zisiote ni ukavu peke yake. Unyevu wa hewa ukidumu juu ya asilimia 75 au 80, zinapata nafasi. Kitambaa kilicholowa kinaweza kuanza kuota kuvu ndani ya siku moja au mbili.

Maji hayo huingiaje kwenye kabati lililofungwa? Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 30 hubeba mvuke usiozidi takribani gramu 30. Ikipoa hadi nyuzijoto 23, uwezo wake hushuka hadi kama gramu 20. Sasa chukua kabati lililoegemezwa ukuta ambao upande wa pili una chumba chenye kiyoyozi. Hewa ya joto yenye gramu 24 za mvuke inapougusa ukuta huo wa baridi, mvuke uliozidi hugeuka matone nyuma ya kabati, mahali ambapo hakuna anayechungulia. Kuna pia ukuta wa bafu unaovuja polepole, na shati lililotoka kupigwa pasi ya mvuke likatundikwa kabla halijapoa.

Kipimo cha unyevu kiko jikoni. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani unyevu unapofika takribani asilimia 75, karibu sawa na kiwango ambacho kuvu hukitaka. Weka kijiko kimoja cha chumvi kwenye kisosi, sehemu ya chini kabisa nyuma ya nguo, ukiache usiku kucha. Asubuhi, chembe zikimwagika kwa urahisi, kabati lako ni kavu. Zikishikamana na kisosi kikang'aa maji, kuvu iko njiani kama haijafika.

Dawa yake huanzia kwenye nafasi. Sogeza kabati litoke ukutani angalau sentimita tano, punguza nguo ili hewa ipite, na usihifadhi ndani ya mifuko ya plastiki nguo ambazo hazijakauka vizuri. Fungua milango mchana jua linapowaka, si asubuhi baada ya mvua, maana hewa ya wakati huo ina unyevu mwingi kuliko ya ndani. Udi huacha harufu nzuri, na nafthalini hufukuza wadudu. Vyote viwili havipunguzi unyevu hata kidogo.

Kuvu ikishaingia, vaa barakoa, toa nguo nje uzipige brashi juani, kisha uzifue. Sugua mbao kwa maji na sabuni, ukaushe kabisa kabla ya kurudisha kitu. Kuiua tu hakutoshi, kwa sababu hata iliyokufa husumbua mapafu. Ukitumia klorini, usiichanganye kamwe na siki wala dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mahususi kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likivihusisha na pumu na matatizo mengine ya kupumua. Kwa hiyo hili ni suala la afya ya watoto wanaolala chumba hicho, zaidi ya suti iliyoharibika. Anayejenga amwambie fundi mapema: kabati la ukutani lisipakane na bafu, na milango yake iwe na matundu ya hewa.