Mbwa akikung'ata, kimbilia sabuni kwanza!

Wewe kijana wa mjini unayefuga kijibwa chako na kukilisha biskuti, leo nina mazungumzo na wewe. Na wewe pia unayesema mbwa humpendi, usifungue ukurasa mwingine, maana mbwa haulizi kama unampenda ndipo akung'ate.

Kuna ugonjwa mmoja hauna mchezo. Ukishaonyesha dalili, kupona ni karibu na muujiza. Ndiyo, kichaa cha mbwa. Inakadiriwa kwamba kila mwaka unaua watu wapatao 59,000 duniani, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila wahanga kumi, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Wanapenda kuchezea mbwa, na wakiparuzwa wanaficha kwa kuogopa kuchapwa.

Nimeuwazia ugonjwa huu zaidi nikiwa Vidunda, kule wilayani Kilosa. Ukitoka Mikumi unashika barabara ya Ifakara, ukifika Kidodi unaangalia milima: huko juu ndiko kwa Wavidunda. Hewa safi, migomba, miteremko ya kukata pumzi. Mbwa wa huko si wa kupigwa picha wakiwa kwenye sofa. Ni walinzi, wanafukuza nyani na nguruwe pori shambani. Sasa jiulize: mtoto aking'atwa huko juu, atateremka saa ngapi kufuata sindano?

Hapo ndipo sabuni inapoingia. Virusi vya kichaa vinakaa kwenye mate ya mnyama. Vikiingia kwenye jeraha havikimbii na damu, vinatambaa na mishipa ya fahamu taratibu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja tu au hata mwaka. Kwa hiyo una nafasi ya kuwazuia wezi kabla hawajafika chumbani. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Dakika 15, ndugu yangu, siyo kunawa kama unakwenda kula ugali! Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Huko utaanzishiwa chanjo. Dawa hii ina historia: Julai 1885 huko Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa vibaya, na mtoto akapona. Siku hizi mambo yamerahisishwa. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linakubali ratiba ya wiki moja, sindano ndogo za juu ya ngozi siku ya kwanza, ya nne na ya nane. Jeraha likiwa baya huongezwa sindano nyingine ya kinga, inayochomwa kwenye jeraha lenyewe. Usiache dozi njiani eti kidonda kimekauka.

Lakini dawa ya kweli iko kwa mbwa. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu Serengeti kwa miaka mingi waligundua, katika ripoti ya mwaka 2009, kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza wenzake wachache tu, kwa wastani mmoja na kidogo. Maana yake ugonjwa huu unakatika. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100, unakosa pa kukimbilia.

Pemba ni ushahidi. Kwa kuchanja mbwa, ugonjwa ulitoweka kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje, watu hawakukata tamaa, wakachanja upya, na mwaka 2018 ukafutwa kwa mara ya pili. Kumbe inawezekana!

Mtauliza, huko milimani bila umeme wala friji chanjo itakaaje? Hapo nina habari tamu. Utafiti uliofanywa kwa mbwa wa hapa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya mbwa iliyowekwa miezi sita kwenye joto la nyuzi 25, au miezi mitatu kwenye nyuzi 30, bado ilifanya kazi sawa na ile ya kwenye friji. Kwa vijiji kama vya Vidunda, hii si habari ndogo.

Kwa hiyo, mshikaji, fanya hivi. Mpeleke Popi wako akachanjwe, na paka naye, maana hata yeye anaweza kuugua. Watoto wa mbwa msiwaache nyumbani eti bado wadogo. Ukiona mbwa anang'ata hovyo, anatoka mate, sauti imebadilika, au yule mkali ghafla amekuwa mpole na mzubaifu, kaa mbali na uwaite wataalamu wa mifugo. Na wadogo zako uwaambie mapema: ukiparuzwa sema, hakuna atakayekuchapa.

Mbwa ni rafiki mzuri, anakupokea mlangoni hata siku ambayo mfukoni hamna kitu. Rafiki wa namna hiyo anastahili sindano moja kwa mwaka. Ukipanga safari ya kwenda kwa babu kijijini, weka kipande cha sabuni kwenye begi.