Hatua ya Saba

Muuguzi niliyemkuta zahanati moja ya Matombo, kwenye barabara ya Bigwa kwenda Kisaki, alinionyesha mwongozo wa kupakua takwimu za mwezi, uliokunjwa hadi pembe zikachakaa. Hatua sita za kwanza zilimwendea vizuri. Ya saba ikasema: fungua faili kwa Excel. Kompyuta yake haikuwa nayo. Akaenda steshenari, akawekewa nakala iliyochakachuliwa, akarudi na flashi ambayo mafolda yote yamegeuka shotikati.

Mfumo wa takwimu hizo ni DHIS2, unaopokea takwimu za vitabu vya taarifa za afya vya MTUHA. Ni programu huria: leseni inamruhusu yeyote kuitumia, kuichungulia ndani na kuirekebisha bila kulipa. Basi mwongozo wa kitu cha bure ulimtuma mtu kwenye kitu cha kuuzwa, na kwa kuwa hela hakuna, akaishia kwenye cha wizi.

DHIS yenyewe iliwahi kunasa kwenye mtego huo huo. Toleo la kwanza lilizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990, huria kwa leseni, ila lilikalia Microsoft Access; asiye na Access hakuwa na chochote. Ndipo ikaandikwa upya kwa Java, Chuo Kikuu cha Oslo kikiongoza, ili iweze kukaa kwenye Linux na PostgreSQL. Hiyo namba 2 imetoka huko. Jasho lote hilo, halafu sentensi moja ya mwongozo inaturudisha tulikotoka!

Mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, hautaki miongozo yake ipendekeze programu isiyo huria. Kueleza namna ya kuendesha programu kwenye Windows si kosa; kuipigia debe Windows ndiko kunakokatazwa. Niliwaona washupavu hadi nilipoisoma hatua ya saba. Kwenye simu, hata hivyo, nisingekaza hivyo: mhudumu ana Android tayari, na kumficha kwamba app ya DHIS2 iko Google Play ni kumtesa bure. Itajwe, na faili la APK analoweza kupakua pembeni litajwe pia.

Nilichukua kalamu, nikaifuta hatua ya saba, nikaandika: “Hifadhi kama CSV, fungua kwa programu yoyote ya majedwali, mfano LibreOffice Calc.” Mwenye Excel hapotezi kitu hapo.

“Na hiyo nayo wanayo steshenari?” akauliza.

Hawakuwa nayo, ingawa hiyo ndiyo wangeweza kumnakilia kihalali.