Soma Faili Mara Moja, Uliza Mara Elfu

Programu inayopekua faili la watumiaji la Unix, /etc/passwd, mstari kwa mstari kila inapoulizwa jina hupoteza muda bure. Heri ilisome mara moja, ikate kila mstari penye nukta pacha, kisha ihifadhi jina kama ufunguo na maelezo kama thamani yake katika jedwali. Mwaka 1953 Hans Peter Luhn wa IBM alipendekeza kompyuta ikokotoe mahali pa ufunguo badala ya kuutafuta. Ndiyo siri ya kasi ya jedwali hilo. Wapo watakaolalamika kwamba jedwali hula kumbukumbu. Kweli, ila mistari mifupi 100,000 kwa kawaida haizidi makumi ya megabaiti. Faili likizidi kumbukumbu, tumia hifadhidata. Hatari kubwa zaidi ni ufunguo unaojirudia: katika lugha ya programu ya Python, thamani mpya hufuta ya zamani kimyakimya. Kagua kabla ya kuandika.