Vijiti viwili vipo, simu haitoki: kwa nini?

Umetoka Sumbawanga mjini, umepita Ntendo, unashuka kwenda Muze. Simu inaonyesha vijiti viwili. Unapiga, kimya. Unarudia, inakata. Wengi hapo hulaumu laini au vocha, lakini mara nyingi shida ni kwamba simu imebisha hodi na mnara haujasikia.

Simu inapotafuta mtandao huanza kwa kusikiliza tu. Inapita masafa moja baada ya jingine mpaka ikamate mnara. Kila mnara hutangaza muda wote namba ya nchi na ya kampuni: Tanzania ni 640, Zambia 645. Ndiyo maana ukiwa Kasesya mpakani simu inajua mnara upi ni wa nani. Vile vijiti vinapima kusikia huku, basi.

Kuingia ni kazi nyingine. Kwenye 4G simu huokota mlio mmoja mfupi, kwa bahati tu, kati ya milio isiyozidi 64, na kuurusha. Mnara ukiusikia hujibu na kuielekeza irushe mapema kiasi gani, maana mawimbi ya aliye mbali huchelewa kufika. Simu mbili zikiokota mlio uleule kwa wakati mmoja zinagongana, na iliyokosa inarudia. Siku ya mnada zinagongana sana. Laini yako inakaguliwa baadaye, hodi ikishapokelewa.

Sasa pima nguvu. Mnara hurusha kwa makumi ya wati. Simu ya 4G kwa kawaida ina wati 0.2 tu. Kutoka Sumbawanga, kama mita 1,800 juu ya bahari, hadi Ziwa Rukwa, kama 800, milima ya Lyambalyamfipa inakinga njia. Unausikia mnara, wenyewe haukusikii. Simu inarudia hodi ikiongeza nguvu kila mara, na chaji inakwenda hivyo hivyo.

Kama una mgonjwa garini, usikae bondeni ukibonyeza. Sogea penye uwazi, kisha washa na kuzima alama ya ndege ili simu itafute upya. Au weka 2G: kwenye megahezi 900 simu inaweza kurusha hadi wati 2. Ikiandika "dharura tu", kwa kawaida imeusikia mnara wa kampuni nyingine. Hapo piga 112, inaweza kupita kwenye mnara huo.