Kufuli ya Kioski cha Maji: Utangulizi wa Operoni

Ukipita Kibera, Nairobi, alfajiri utakuta jerikeni za lita 20 zimepangwa foleni kwenye kioski cha maji. Bomba ni moja, mifereji mitatu, na koki kuu imetiwa kufuli. Mwenye kioski akifungua, mifereji yote hutoa maji kwa pamoja. Akifunga, yote hukauka. Ukiuelewa mpango huo, karibu: operoni umeshaianza.

Bakteria Escherichia coli, anayeishi matumboni mwetu, ana jeni tatu zilizofuatana kwenye DNA chini ya swichi moja: hiyo ndiyo operoni. Jeni moja hutengeneza mlango wa kuingizia laktosi, sukari ya maziwa. Nyingine, kimeng'enya cha kuikata. Laktosi isipokuwepo, protini fulani huikalia swichi kama kufuli, na bakteria hapotezi nguvu kutengeneza vyombo visivyo na kazi. Sasa, mtu mzima wa Kawangware amekunywa maziwa ya ATM, ile mashine ya kuuza maziwa, na tumbo lake, kama la wengi wetu, halimalizi laktosi. Masalio hushuka hadi utumbo mpana, alipo E. coli huyu.

Hapa wanafunzi huniuliza, na swali lao nalipenda sana: laktosi itaingiaje ndani ya bakteria ilhali jeni ya mlango imefungwa? Kufuli hii huvuja. Mara mojamoja protini hiyo huachia, na milango michache hutengenezwa. Laktosi kidogo inayopenya hugeuzwa umbo na kuwa ufunguo wenyewe: hunasa kwenye protini, nayo ikaiachia DNA. Hata hivyo glukosi ikiwapo, huliwa kwanza. Ulaji huu wa zamu mwanasayansi Jacques Monod aliuona Paris; mwaka 1961 yeye na François Jacob wakaeleza operoni, na mwaka 1965 wakapata Tuzo ya Nobel pamoja na André Lwoff.

Utafiti wa KEMRI (Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya) na CDC ya Marekani katika sehemu ya Kibera, 2007 hadi 2009, ulikuta takriban wagonjwa 247 wa taifodi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Operoni husaidia kumtambua bakteria wa ugonjwa huo. Pandikiza kinyesi cha mgonjwa kwenye sahani ya MacConkey, yenye laktosi, uiache usiku kucha. Asubuhi E. coli ni vidoa vya waridi: swichi ilifunguka, laktosi ikaliwa, asidi ikatoka na kuleta rangi hiyo. Salmonella wa taifodi hana jeni hizo. Vidoa vyake vimepauka, na ndivyo mtaalamu wa maabara anavyoviendea kwanza na kitanzi chake cha waya.