Darubini ya Adui

Leo namkumbuka Donald Macintyre, nahodha wa manowari ya Kiingereza Walker. Usiku wa Machi 17, 1941, alikuwa akilinda msafara wa meli za biashara katika Atlantiki. Nyambizi za Wajerumani zilishambulia zikiwa juu ya maji, ambako chombo chake cha mwangwi hakikuzinasa. Lakini U-99 ilipozama kujificha, mwangwi ukaifichua. Mabomu yakailazimisha kuibuka.

Macintyre aliwaokoa mabaharia 40, akiwamo nahodha wao, Otto Kretschmer, ambaye darubini yake akaichukua. Baada ya vita aliandika U-boat Killer, kitabu cha 1956. Na darubini? Alimrudishia mwenyewe. Kwangu mimi, huo ndio ushindi mkubwa: vita vina mwisho, utu hauna.